Kwa mama mwalimu wa upande wa Mugunga: nilichokiona kwenye shule ya batoto badogo

Mi nafundisha kwanza primeri, ni kusema darasa la kwanza, hapa Goma, mashariki ya Kongo, upande wa magharibi ya mji, ukishapita Ndosho unaelekea Sake, na kila mwezi wa tisa nikipokea kalasi mpya huwa sifungui kitabu siku ya kwanza. Nawapa watoto chaki na ubao mdogo, asiye na ubao anachora chini, halafu natembea katikati ya mabenchi naangalia tu. Kwa nusu saa hiyo najua karibu kila kitu kuhusu mwaka unaokuja. Kuna anayeshika chaki kwa ngumi nzima mpaka inavunjika, kuna anayelia tangu mama yake amuachie mkono pale mlangoni, kuna anayetaka kwenda chooni na hajui kama mtu anaruhusiwa kusema hivyo mbele ya mwalimu, basi anakaa kimya mpaka inakuwa imechelewa, wenzake wanacheka, na huyo mtoto unaweza usimuone tena wiki nzima.

Ni watoto zaidi ya 80 kwa kalasi moja na mwalimu ni mmoja. Silalamikii wingi wao. Katiba ya 2006 ilisema primeri ya serikali ni bure lakini tulingoja mpaka mwezi wa tisa 2019 ndo kitu kikaanza kweli, na wengi wa hawa watoto ninaowafundisha leo, hasa wasichana, zamani wangebaki nyumbani kulea wadogo zao na kushota maji ziwani. Shida ni kwamba bure hiyo inaanza kwa miaka 6. Miaka 3 ya materneli, ni kusema chekechea, inayotangulia ni mzigo wa mzazi, na materneli za mjini nyingi ni za watu binafsi, zinadai dola, sasa mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa kipimo pale barabarani atazitoa wapi? Kwa hiyo mtoto anafika kwangu na miaka 6, mara nyingine 7 au 8, na maisha yake yote hakuna mtu mkubwa aliyewahi kukaa chini pamoja naye akamuuliza unafikiri nini.

Sasa katikati ya hao 80 kila mwaka kuna kikundi kidogo ambacho si hivyo. Wanakaa. Wanangoja zamu. Chaki wanaishika kwa vidole. Ukimuuliza jina anakupa jina, jina la baba, avenyu, na jirani anayepaswa kuitwa kama mama hayuko. Mwaka huu niliwauliza mmoja mmoja ulisoma wapi, na wote walinijibu kitu kile kile: kwa mama mwalimu, kule chini kwa mawe.

Nikaenda. Wiki ile nilikuwa zamu ya mchana kwa hiyo asubuhi zangu zilikuwa wazi, nilichukua moto, ni kusema pikipiki, mpaka njia inapokatika, halafu nikashuka kwa mguu upande wa ziwa, kati ya nyumba za mbao na zile kuta za mawe meusi ya volkano ambazo mtu wa Goma akiziona popote anajua yuko nyumbani. Hakuna kibao cha shule. Niliongozwa na sauti, watoto wanahesabu kwa wimbo, moja mpaka kumi na kurudi nyuma, na kurudi nyuma ndo kulinifanya nijue nimefika, juu hilo la kurudi nyuma kwangu linachukua mpaka Noeli.

Ni chumba kimoja. Mbao zimepakwa oili chafu ya magari ili mchwa wasile, paa nusu ni bati nusu ni turubai, na chini ni lava yenyewe, ile ya kukata miguu, ambayo wazazi waliivunja kwa nyundo siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, jumamosi baada ya jumamosi, mpaka ikawa sawa, halafu wakamwaga mchanga mweusi juu yake. Hakuna mabenchi, watoto wanakaa kwa mikeka. Mlangoni kuna bidoni ya njano, dumu la maji, iliyotobolewa na kutiwa kijiti, ukivuta kijiti maji yanatoka kidogo, ukirudisha yanafunga, na kila mtoto anayeingia ananawa bila kuambiwa. Kwa mji ambao maji ni kutembea na bidoni mgongoni, yale maji ya kunawa ni mali. Wazazi wanayaleta kwa zamu.

Mama mwalimu anatoka Masisi. Alimaliza pedagojia huko, alifundisha primeri huko, vita ikamshusha mpaka kambi za waliokimbia vita za huku Goma kama wengine wengi, na kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025 wengi walirudi ama walijaribu kurudi, yeye alibaki, juu wamama wa hapa walikuwa wameshamshika. Shule ilianza kabla yake, chini ya mti, na koko mmoja, bibi mzee aliyekuwa anawachunga wajukuu wake pamoja na wa majirani wakati mama zao wako sokoni. Huyo koko bado yupo, ndo anapika uji. Serikali na UNICEF wana jina la shule za namna hii, Espaces Communautaires d'Éveil, kwa kifupi ECE, ni kusema sehemu za jamii za kuchangamsha watoto wadogo, na ziko sehemu nyingi za nchi, lakini hii ya kwetu hapa hakuna aliyekuja kuianzisha kutoka juu, wamama waliianza wenyewe.

"Karibu mama," aliniambia, "ukae chini na siye, hapa hakuna kiti ya mugeni."

Nikakaa. Na nitawaelezea kitu kimoja tu cha asubuhi ile kwa urefu, juu ndicho kilichonishika. Aliwagawa watoto watatu watatu, kila kikundi akakipa vizibo vya soda, vile vya chuma, 7. Akawaambia mugawane, kila mtu apate sawa. Basi. Hakuonyesha. Kikundi cha mbele yangu kilikuwa na wasichana wawili na kijana mmoja wa miaka labda 4 mwenye kikohozi. Wakachukua kimoja kimoja, huyu, huyu, huyu, mara ya pili huyu, huyu, huyu, kikabaki kimoja. Mmoja wa wasichana akakivuta kwake. Mwenzake akakirudisha. Yule kijana akakitazama muda mrefu sana, mi mwenyewe nilikuwa nataka nimsaidie na nikajizuia, halafu akakiweka katikati ya mkeka akasema, "Hiki kinangojea mwenzetu akikuja." Alimaanisha mtoto aliyekosa siku ile juu alikuwa na malaria. Mama mwalimu akapita, akaangalia, akauliza, "Mwenzenu akikuja na yeye atakuwa na ngapi?" Wakahesabu. Kimoja. "Na nyiye?" Viwili viwili. "Ni sawa?" Hapana! wote kwa sauti. "Basi mufanye nini?" Na akaenda zake, akawaacha na hilo swali, na walikuwa wanabishana bado wakati uji umeletwa.

Mi nafundisha kugawanya. Najua nachokiona. Hao watoto walikuwa ndani ya hesabu ya miaka miwili mbele, na hakuna aliyewaambia kwamba ni hesabu, na walikuwa wanaifanya kwa Kiswahili chao cha nyumbani, maneno wanayoota nayo usiku.

Hapo nisimame kidogo kwenye suala la lugha, juu baba mmoja aliyemleta mtoto wake asubuhi ile alinikuta mlangoni na alipojua mi ni mwalimu wa primeri akanivuta pembeni. Analipa, anasema, lakini mtoto harudi na Kifaransa. Mtoto wa jirani anaenda materneli ya mjini na anasema bonjour madame, anaimba, anavaa tai, wa kwake anarudi na hadithi za Sungura na Fisi. Je, hatachelewa? Nilimwambia ninachokiona kila mwaka. Mtoto anayekuja na nyimbo za Kifaransa asizozielewa, mwezi wa kumi na moja nyimbo zimeisha na hana cha kushika. Mtoto aliyezoea kuuliza kwa Kiswahili, Kifaransa nikimletea anakiuliza maswali pia. Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inasema lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, kwa hiyo mama mwalimu hafanyi kitu cha kujificha, anafanya kile ambacho materneli nyingi za kulipa dola hazitaki kufanya kwa sababu mzazi ananunua sauti ya Kifaransa. Baba alinisikiliza. Sijui kama nilimshinda, lakini alimuacha mtoto pale shuleni.

Saa nne ni uji wa masoso, ni kusema mahindi, soya na mtama vimesagwa pamoja, na wazazi ndo wanaleta unga. Koko anagawa kwa kikombe kimoja cha plastiki, hakuna anayepata zaidi na hakuna anayekosa, hata yule ambaye mama yake hajaleta unga mwezi mzima. Kuna watoto ambao hicho ndo chakula chao cha kwanza tangu bugali ya jana jioni, ukiwaona wanavyokishika kile kikombe kwa mikono miwili huulizi. Mama mwalimu aliniambia kitu ambacho sikukisoma popote: vitu vigumu anaviweka baada ya uji. Kabla ya uji ni nyimbo na michezo, juu mtoto mwenye njaa hasikii. Vile vizibo vilikuwa vimeanza kidogo kabla na vikaendelea baada, na kweli baada ndo mabishano yalipamba moto.

Nje ya chumba, upande wa chini ya parseli, kuna sehemu imezungushiwa mawe makubwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwa mti. Nikauliza. Mazuku. Kwa wasiokaa huku: chini ya hii ardhi yetu ya volkano hewa ya kaboni inapanda kwenye nyufa, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi inalala kwenye mashimo na mabonde madogo, haina rangi, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo wa kuitawanya, na huku kwetu, Keshero, Mugunga, Bulengo, Lac Vert, kila mtu anajua mahali ambapo mbuzi au mbwa alikutwa amekufa bila kidonda. Mtu mzima akipita kwenye shimo la kufika kiunoni kichwa chake kiko juu ya hiyo hewa, anatoka na kizunguzungu. Mtoto wa miaka 3 akiingia humo humo, kichwa kimo ndani. Anaanguka pale pale. Na anayeinama kumuokota anaweza kuanguka pia.

Kwa hiyo kabla ya herufi a, kabla ya rangi, mtoto wa shule hii anajifunza ile sehemu ya kitambaa chekundu. Wana mchezo wake. Mpira ukiingia kwenye mawe, wote wanasimama, wanaweka mikono kichwani, na mmoja anakimbia kumuita mkubwa, hakuna anayeufuata, hata kama mpira ni mpya. Niliwaona wakiucheza, na mama mwalimu alitupa mpira kule makusudi, mara kadhaa, na kila mara alimpa mtoto mwingine kazi ya kukimbia, na yule mdogo kabisa alipokimbia alianguka, akainuka na magoti yenye vumbi, akafika kwa koko akasema kwa heshima kabisa, "Koko, mupira iko kwa mazuku." Ukiniuliza materneli inafaa kitu gani Goma, nitakujibu hilo kwanza. Mtoto ambaye mama yake yuko sokoni tangu saa kumi na mbili anacheza wapi? Anacheza popote. Na huku popote kuna hewa inayoua watoto kwa sababu tu ni wafupi.

Kuhusu vita nitasema kidogo, mji mzima umechoka kuulizwa. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, tulilala chini siku kadhaa tukisikia mabomu, na shule zilipofunguliwa tena watoto walirudi wakiwa wengine. Mama mwalimu anasema wiki za kwanza mchezo ulikuwa mmoja tu, bunduki za vijiti, unakufa, umekufa, amka na wewe uniue. Wazazi wengine walitaka akataze. Hakukataza. Aliingia kwenye mchezo, akasema mi ni muganga, nani ni majeruhi? Halafu akatafuta motari, dereva wa pikipiki, wa kubeba majeruhi, halafu mama wa kupikia wagonjwa, halafu fundi wa kujenga nyumba iliyobomoka, na kidogo kidogo wenye bunduki wakabaki wachache juu kazi nyingine zilikuwa na mambo mengi zaidi ya kufanya. Nilipomuuliza nani alimfundisha hivyo alinyanyua mabega. "Mi pia nilikuwa na woga, mama. Kucheza kulitusaidia siye bote."

Sasa kitu kinachonikera, na nakisema waziwazi. Huyu mwanamke analipwa nini? Mzazi anatakiwa kutoa franka elfu tano kwa mwezi. Wengine wanatoa, wengine wanatoa nusu, wengine wanaleta makala (makaa), ndizi, sombe (majani ya muhogo), kipimo cha maharagwe. Tangu vita mabenki yalifungwa, pesa hazizunguki, na hata siye wa serikali mshahara umekuwa kitu cha kutafutia njia, sembuse yeye ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kuna mwezi alipata chakula tu, bila hata franka ya sabuni. Na katika miaka hiyo wageni walifika. Aliniorodheshea: waliopaka rangi ukuta, waliogawa mabegi, waliopima watoto mikono kuona utapiamlo, hao wa mwisho nawashukuru, waliopiga picha. Kila mmoja aliacha kitu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwalimu anakula nini. Rangi imeshapauka, mabegi yamekatika, na kilichobaki kinachofanya hii iwe shule ni yule mama kukaa chini na kuuliza "basi mufanye nini?" na kuwa na subira ya kusubiri jibu. Huyo akirudi Masisi kesho, au akipata kibanda cha kuuza vitenge, ile nyumba ni mbao na mchanga.

Na si kwamba haiwezekani. Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, walianzisha shule za chekechea ndani ya madrasa, kwa ombi la jamii yenyewe, vifaa vikitoka kwenye vitu vya pale pale mtaani, walimu wakiwa wanawake wa mtaa waliofunzwa na kutembelewa tena na tena darasani, na mpango huo ukaenda mpaka Zanzibar na Uganda na bado upo. Nimesoma juu yake na kinachonivuta ni hilo la kumfunza mwalimu na kumrudia, mwaka baada ya mwaka, na kuisaidia kamati ya mtaa kusimamia pesa yake. Kwa mama mwalimu wetu tungeanza na hilo: awe kwenye orodha ya mtu, mshahara mdogo lakini wenye tarehe, na mwenzake mmoja wa kusaidiana naye, maana akiugua yeye, wote wanarudi barabarani.

Wamama hawakai kungoja. Jumamosi iliyofuata walikaa kikao na waliniita kama mwalimu wa primeri, nikaenda. Walibishana sana, kwa sauti, wengine na watoto mgongoni. Waliamua likelemba, ni kusema mchango wa kupeana kwa zamu: kila mama atoe franka mia tano kwa wiki, na kila mwisho wa mwezi, kabla ya zamu ya mtu yeyote, inatolewa kwanza ya mama mwalimu. Muuza sambaza mmoja alisema wiki ya mvua soko halitembei, itakuwaje? Wakakubaliana anayeshindwa wiki hiyo analeta maji ya kunawa mara mbili. Hesabu ikaandikwa kwenye kayee (daftari), na kayee ikakabidhiwa mama mmoja ambaye hajui kusoma lakini kila mtu anamuogopa, na msichana wake wa secondaire ndo anaandika.

Mi kazi niliyopewa ni kuongea na direkta wangu. Mama mwalimu anataka watoto wake wakubwa, wale watakaoingia kwanza primeri, waje mwezi wa sita wakae kalasini kwangu asubuhi moja, waone mabenchi, waone choo kiko wapi, wanisikie sauti yangu, ili mwezi wa tisa wasilie. Direkta alikubali haraka kuliko nilivyofikiri, ila alitaka kujua nani atabaki na wadogo. Nikarudi na swali. Koko alisema atabaki yeye, nyimbo zote anazijua, ila unga wa siku hiyo uletwe siku moja kabla, juu yeye hawezi kuimbisha watoto na kukoroga uji kwa wakati mmoja.